Jinsi ya Kuamua Wakati wa Kubadilisha Oili ya Injini ya Gari

Ukimuuliza fundi oili ya gari imwagwe lini, mara nyingi utapewa namba moja isiyo na maelezo: kila kilomita 5,000. Namba hiyo haikuzuka hewani. Ilitokana na zama za oili za madini zilizokuwa na viambato vichache, na za injini za kabureta ambazo zilipitisha petroli kupita kiasi, sehemu yake ikateremka hadi kwenye sampo (bakuli la chini ya injini linalokusanya oili) na kuipunguza nguvu oili. Kwa gari la leo linalotumia oili ya sintetiki na kusafiri masafa marefu katika barabara kuu, namba hiyo inaweza kuwa nusu au hata theluthi ya umbali ambao mtengenezaji mwenyewe ameuruhusu. Kwa upande mwingine, gari linalotembea kilomita 2,000 tu kwa mwaka litaifikia namba hiyo baada ya miaka miwili na nusu, na oili iliyokaa muda wote huo ndani ya injini ya safari fupi imekwisha kuwa hatari kwake zamani.

Mwongozo huu unaeleza namna ya kupata kipindi kinacholifaa gari lako wewe. Utahitaji kitabu cha maelekezo ya gari, kumbukumbu ya lini oili ilibadilishwa mara ya mwisho, kitambaa cheupe kisichotoa nyuzi, na dakika chache za kufikiri kwa uaminifu kuhusu namna gari lako linavyotumika.

Kinachoichosha oili

Ni vigumu kuamua vizuri bila kuelewa kwanza oili inachakaa kwa njia gani. Oili hutenganisha vyuma vinavyosuguana, huchukua joto kutoka sehemu za pistoni na beringi ambako maji ya rejeta hayafiki, huziba nafasi nyembamba kati ya ringi na ukuta wa silinda, hubeba uchafu hadi kwenye chujio na huzuia kutu. Sehemu kubwa ya oili ni mafuta ya msingi, lakini uwezo wake mwingi unatokana na viambato vilivyochanganywa humo: vya kusafisha, vya kushikilia masizi yaelee badala ya kuganda, vya kuweka utando wa kinga juu ya chuma, vya kuua makali ya tindikali, na polima ndefu zinazoizuia oili isiwe nyepesi mno inapopata moto. Mafuta ya msingi hustahimili muda mrefu. Viambato ndivyo vinavyotumika na kwisha, na oili iliyoishiwa viambato huweza kuonekana nzuri kwa macho ilhali haina tena kinga ya kutosha.

Adui wa kwanza wa oili ni joto. Oili inayokaa kwenye joto kali huungana na oksijeni, ikawa nzito na kuacha utando wa kahawia juu ya vyuma, na kwa kanuni ya makadirio wanayoitumia wanakemia, kila nyuzi 10 za Selsiasi zinazoongezeka hukaribia kuifanya kasi ya mchakato huo kuwa maradufu. Ndiyo maana injini zenye turbo (feni inayozungushwa na moshi ili kusukuma hewa zaidi kwenye silinda) zinahitaji uangalifu wa ziada, kwa kuwa mhimili wa turbo huweza kuzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika ukiwa umeelea juu ya utando mwembamba wa oili, karibu kabisa na moshi wa moto unaotoka kwenye silinda.

Adui wa pili hazungumzwi sana, nami naona ndiye anayestahili kuogopwa zaidi na watu wa safari fupi, kwani hufanya kazi yake kimya: maji. Lita moja ya petroli ikiungua hutoa takriban lita moja ya maji yakiwa katika hali ya mvuke. Mvuke huo karibu wote hutoka nje kupitia sailensa, lakini sehemu ndogo hupenya kando ya ringi za pistoni pamoja na petroli isiyoungua na gesi zenye tindikali, ikashuka hadi kwenye sampo. Injini ikipata moto wa kutosha na kukaa hivyo kwa muda, maji na petroli hiyo hugeuka mvuke, huvutwa na kurudishwa kwenye silinda kuungua. Injini ikizimwa kabla oili haijapata moto, vyote hubaki humo, na safari ya pili huongeza juu ya mabaki ya safari ya kwanza. Ikumbukwe pia kwamba mshale wa joto kwenye dashibodi hupima maji ya rejeta na haupimi oili. Maji yanaweza kufikia joto lake la kazi ndani ya dakika chache wakati oili inahitaji karibu mara mbili ya muda huo.

Masizi ni tatizo la injini za dizeli zaidi, na kwa kiasi fulani la zile za petroli zinazopulizia mafuta moja kwa moja ndani ya silinda. Vumbi nalo, likipita kwenye chujio la hewa lililochoka au mpira uliopasuka, ni mchanga mgumu unaosaga chuma, na hakuna oili nzuri kiasi cha kulihimili kwa muda mrefu.

Hatua ya kwanza: tafuta mambo matatu kwenye kitabu cha gari

Fungua ukurasa wa ratiba ya matengenezo. Jambo la kwanza la kutafuta ni kipindi cha kubadilisha oili, ambacho huandikwa kwa kilomita na kwa miezi, pamoja na maneno yanayosema kwamba linalotangulia ndilo linalofuatwa. Magari mengi ya petroli ya miaka ya karibuni huandikiwa kilomita 10,000 hadi 15,000 au miezi 12, na baadhi ya magari ya Ulaya yanayotumia oili maalumu za muda mrefu huruhusiwa kufika kilomita 30,000 au miaka miwili. Binafsi singeifikisha injini ninayotaka idumu miaka mingi kwenye kikomo hicho cha mwisho, hasa kama ina turbo, kwa sababu kipindi kirefu hivyo kimepangwa kwa hali nzuri sana za uendeshaji na hakiachi nafasi ya kosa lolote.

Jambo la pili ni ratiba ya matumizi magumu. Mara nyingi huwekwa kwenye jedwali la pembeni au kwa herufi ndogo chini ya ukurasa, wengi wakalipita bila kulisoma, na kipindi kilichoandikwa hapo kwa kawaida ni nusu ya kile cha kwanza.

Jambo la tatu ni aina ya oili. Hapa usisome mnato (uzito wa oili inapotiririka) peke yake. Katika alama kama 5W-30, namba iliyo kabla ya W huonyesha jinsi oili inavyotiririka wakati wa baridi, na ya pili huonyesha mnato wake ikiwa imefikia nyuzi 100. Lakini oili mbili zenye alama hiyohiyo zinaweza kutofautiana sana kwa ubora. Kiwango cha ubora ndicho kinachozitofautisha. Katika mfumo wa API (Taasisi ya Petroli ya Marekani), oili za petroli huanza na herufi S na za dizeli na herufi C. Kiwango cha SN kilianza mwaka 2010, na SP kikaanza mwaka 2020. Mfumo wa Ulaya wa ACEA (chama cha watengenezaji wa magari) una kundi la C kwa magari yenye chujio la masizi kwenye mfumo wa moshi, na kwa magari hayo oili isiyo ya kundi lililotajwa huacha majivu mengi yanayoziba chujio hilo. Viwango hivi vinaingia katika uamuzi wa muda moja kwa moja, kwa sababu kilomita 15,000 zilizoandikwa kitabuni ni za oili ya kiwango kilichotajwa kitabuni. Ukijaza oili ya kiwango cha chini, kipindi hicho si chako tena, na utalazimika kukipunguza. Kinyume chake hakifai kuchukuliwa kuwa kweli: oili ya bei ya juu kuliko inayotakiwa haikupi ruhusa ya kupita kikomo cha mtengenezaji.

Ikiwa gari lilitengenezwa kwa ajili ya soko moja na baadaye likauzwa katika soko jingine, hakikisha kitabu ulicho nacho ni cha injini hiyo hasa, maana gari la jina moja huweza kuwa na injini tofauti, petroli ya ubora tofauti na ratiba tofauti kwa kila soko. Pasipo kitabu cha uhakika, fuata ratiba fupi zaidi unayoipata kwa injini ya aina hiyo.

Hatua ya pili: pima namna gari linavyotumika

Watu wengi wanaoulizwa wanaendeshaje gari hujibu kwamba wanaendesha kawaida. Ukisoma orodha ya matumizi magumu, hata hivyo, utaona kwamba kawaida ya watu wengi wa mijini imo humo. Orodha hutofautiana kidogo baina ya watengenezaji, lakini mambo haya hujirudia: safari nyingi zisizozidi kilomita 8, kutembea na kusimama kwenye foleni, kuiacha injini ikiunguruma muda mrefu gari likiwa limesimama, barabara za vumbi au matope, kuvuta tela au kubeba mizigo mizito, kupanda milima mara kwa mara, na kuendesha katika joto au baridi kali. Gari la teksi au la kusambaza bidhaa huhesabiwa humo hata kama linatunzwa kwa uangalifu mkubwa.

Jambo moja kati ya hayo linastahili kutazamwa kwa karibu zaidi, nalo ni kusimama na injini ikiwa imewashwa. Mita ya kilomita haisogei, lakini pistoni zinapanda na kushuka, petroli inaungua na oili inazunguka. Baadhi ya watengenezaji wa magari ya kazi hukadiria kuwa saa moja ya kuunguruma papo hapo ni sawa na takriban kilomita 40 za kutembea. Anayesubiri wateja saa mbili kila siku kipoza hewa kikiwa kimewashwa huiongezea oili kilomita zipatazo 80 ambazo hazionekani popote kwenye dashibodi.

Kwa sababu hiyo napendekeza uhesabu saa za injini, hesabu ambayo ni rahisi kuliko inavyosikika. Magari mengi ya sasa huonyesha mwendo wa wastani kwenye kioo cha dashibodi; uanzishe upya, uendeshe kwa wiki mbili za kawaida, kisha ugawanye kilomita kwa mwendo huo. Gari lenye mwendo wa wastani wa kilomita 50 kwa saa hutumia saa 200 kukamilisha kilomita 10,000. Gari lenye wastani wa kilomita 20 kwa saa, ambao ni wa kawaida kabisa kwenye foleni, hutumia saa 500 kwa umbali uleule. Kwa kulinganisha, mashine zisizohesabiwa kwa kilomita, kama trekta na jenereta, hupangiwa oili kwa saa, na saa 250 ni kipindi kinachoonekana mara nyingi katika vitabu vyake. Injini ya gari dogo haibebi mzigo mzito kama trekta, kwa hiyo namba hiyo isichukuliwe kuwa sheria, lakini ukiona hesabu yako imefika saa 500 au 600 kabla ya kilomita za kitabuni kutimia, una sababu nzuri ya kuhamia ratiba ya matumizi magumu.

Hatua ya tatu: piga hesabu ya kipindi chako

Tuchukue magari mawili ya aina moja, ambayo kitabu chake kinasema kilomita 10,000 au miezi 12 kwa matumizi ya kawaida, na kilomita 5,000 au miezi 6 kwa matumizi magumu.

Gari la kwanza hutembea kilomita 18,000 kwa mwaka, karibu zote katika barabara kuu kwa wastani wa kilomita 60 kwa saa. Linastahili ratiba ya kawaida. Litatimiza kilomita 10,000 baada ya miezi sita na nusu hivi, na injini itakuwa imefanya kazi kwa saa 167 tu, tena ikiwa na moto wa kutosha kukausha maji na petroli iliyoshuka kwenye sampo. Hapa kilomita ndizo zinazotangulia miezi.

Gari la pili hutembea kilomita 7,000 kwa mwaka, kwenda na kurudi kazini kupitia foleni, kwa wastani wa kilomita 18 kwa saa. Hilo ni la matumizi magumu. Miezi 6 itatimia likiwa limetembea kilomita 3,500 pekee, na saa za injini zitakuwa zimefika 194, kiasi kinachozidi saa za gari la kwanza. Mwenye gari hili abadilishe oili kila baada ya miezi 6 bila kuitazama sana mita ya kilomita. Kwa mwaka, magari haya mawili yatamwaga oili karibu mara sawa, ingawa moja limetembea zaidi ya maradufu ya jingine, na mwenye gari la pili akisubiri kilomita 10,000 atakaa na oili ileile kwa takriban miezi 17.

Gari lisilotembea kabisa nalo lina kikomo chake. Oili iliyo ndani ya injini iliyosimama hukutana na hewa yenye unyevu, na tindikali zilizokwisha kuingia huendelea kula beringi, kwa hiyo kikomo cha miezi 12 hubaki palepale. Kuiwasha injini dakika tano kila wiki ili isilale ni desturi inayodhuru, kwa kuwa humwaga maji kwenye oili na kuizima kabla hayajakauka. Kama gari halitumiki, bora litolewe mara moja moja kwa safari ya nusu saa au zaidi.

Magari mseto, yanayotumia petroli na umeme pamoja, yana utata wake. Injini huzimika na kuwaka mara nyingi, na katika safari fupi huenda isipate moto kamwe, hivyo saa chache za injini si dalili ya oili nzuri. Kwa magari hayo ni salama zaidi kushika kikomo cha miezi.

Hatua ya nne: tazama kijiti cha oili

Hesabu ikishapatikana, ithibitishe kwa macho angalau mara moja kwa mwezi na kabla ya kila safari ndefu. Egesha gari mahali tambarare injini ikiwa imepata moto, izime, kisha subiri dakika 5 hadi 10 ili oili iliyoko juu iteremke kwenye sampo. Chomoa kijiti, kifute hadi kikauke, kirudishe hadi mwisho, kichomoe tena na ukishike kikiwa kimelala ili oili isitiririke na kukudanganya. Oili inapaswa kuwa kati ya alama mbili, na katika magari mengi madogo nafasi kati ya alama hizo ni lita moja hivi. Baadhi ya magari mapya hayana kijiti, na kipimo husomwa kwenye dashibodi kwa utaratibu ulioandikwa kitabuni.

Kabla ya kukifuta mara ya pili, gusisha ncha ya kijiti kwenye kitambaa cheupe na ulitazame doa. Rangi ndiyo inayowapotosha watu wengi. Oili nyeusi haimaanishi kuwa imekwisha: katika injini ya dizeli oili mpya huweza kuwa nyeusi ndani ya kilomita mia chache, na katika ya petroli kuwa kahawia iliyoiva ni ushahidi kwamba viambato vya kusafisha vinafanya kazi yake. Vilevile oili yenye rangi ya asali haithibitishi kwamba viambato bado vimo. Mambo yanayofaa kutafutwa kwenye doa ni mengine. Sugua tone kati ya kidole gumba na cha shahada: chengachenga za mchanga au vimeta vya chuma ni habari mbaya. Inuse: harufu kali ya petroli inaonyesha oili imechanganyika na mafuta. Doa likibaki limejikusanya katikati kama lami nene, bila kusambaa na kuacha duara hafifu pembeni, masizi yamezidi uwezo wa oili kuyashikilia.

Fungua pia mfuniko wa kujazia oili na utazame upande wake wa ndani. Niliwahi kufungua mfuniko wa gari lililokuwa likitumika kwa safari za dukani tu, nikakuta utando laini wa rangi ya maziwa, mzito kama siagi iliyoanza kuyeyuka. Kijiti chake kilikuwa safi na maji ya rejeta hayakuwa yamepungua. Yalikuwa maji ya mvuke yaliyokosa moto wa kuyakausha, na dawa yake ilikuwa kumwaga oili ile na kulisafirisha gari masafa marefu mara moja kwa wiki. Utando huohuo ukionekana hadi kwenye kijiti, au maji ya rejeta yakiwa yanapungua, huenda gasketi ya silinda hedi, ile inayozuia maji ya rejeta na oili visichanganyike, imepasuka. Hapo kubadilisha oili peke yake hakutibu chochote, na gari halipaswi kuendeshwa hadi likaguliwe.

Kiwango cha oili kikishuka, ongeza oili ya aina ileile na uandike kiasi ulichoongeza. Wapo watengenezaji wanaohesabu hata lita 1 kwa kilomita 1,000 kuwa ndani ya kiwango kinachokubalika, lakini mabadiliko ndiyo yanayosema zaidi: injini iliyokuwa haipunguzi kitu na sasa inapunguza nusu lita inahitaji kuangaliwa. Kuongeza hakuchukui nafasi ya kubadilisha, maana uchafu na tindikali vilivyomo hubaki vilevile. Kiwango kikipanda bila mtu kuongeza, kitu kingine kimeingia kwenye sampo, ama mafuta ama maji ya rejeta. Katika magari ya dizeli yenye chujio la masizi hilo hutokea pale gari linapojaribu kulisafisha chujio hilo kwa kupulizia dizeli ya ziada na safari ikakatishwa katikati, tena na tena. Oili iliyopanda kupita alama ya juu ibadilishwe, haijalishi ilijazwa lini.

Taa za dashibodi

Kuna taa mbili ambazo watu huzichanganya, na mkanganyiko huo umeua injini nyingi. Taa nyekundu yenye umbo la kibuyu cha oili ni onyo la shinikizo. Ikiwaka injini ikiwa inafanya kazi, egesha mahali salama na uzime injini papo hapo, kwa kuwa beringi zinaweza kuharibika katika muda mfupi sana. Haikumbushi tarehe ya matengenezo, na oili inaweza kuwa imekwisha muda wake mwaka mzima bila taa hiyo kuwaka kamwe. Taa ya kukumbusha matengenezo huwa ya rangi ya manjano au huja kama maandishi au umbo la spana.

Ukumbusho huo nao ni wa namna mbili. Katika magari mengine ni saa ya kilomita tu: inahesabu umbali tangu ilipoanzishwa upya na haijui kitu kingine. Katika magari mengine kompyuta hufuatilia mizunguko ya injini, joto, urefu wa safari na mzigo, kisha hukadiria uhai wa oili uliobaki kwa asilimia. Aina hii ya pili ni msaada wa kweli, na kama gari lako linayo na oili ni ya kiwango sahihi, ifuate, ukizingatia kikomo cha miezi. Lakini kwa kawaida nayo hukadiria bila kuionja oili yenyewe: haijui kama fundi alijaza oili hafifu, kama vumbi linapita, au kama maji ya rejeta yameingia. Asiyeianzisha upya baada ya kubadilisha oili, au aliyeianzisha upya bila kubadilisha, ameifanya kuwa shahidi wa uongo.

Hali ambazo hazisubiri hesabu

Gari la mkono wa pili lililonunuliwa bila kumbukumbu za kuaminika lipewe oili mpya na chujio jipya mara moja, hata kama muuzaji amesema ilibadilishwa juzi. Baada ya hapo, fupisha vipindi viwili vya kwanza hadi nusu ili viambato vipya vilegeze polepole uchafu ulioganda. Sishauri dawa kali za kusafisha injini iliyotelekezwa miaka mingi, kwa sababu mabonge yakibanduka kwa mkupuo huweza kuziba wavu wa pampu ya oili na kuinyima injini oili kabisa.

Badilisha pia mara moja ikiwa gari limepita kwenye maji ya kina na kuna dalili ya maji kuingia kwenye injini, ikiwa injini imechemka hadi kupoteza maji ya rejeta, au ikiwa imejazwa oili isiyo yake. Vimeta vya chuma kwenye oili vinataka fundi kabla ya oili mpya.

Kwa mwenye injini ya gharama au magari mengi, maabara hutoa jibu ambalo macho hayawezi kulitoa. Sampuli huchukuliwa oili ikiwa ya moto, wakati inapotiririka katikati ya kumwagwa na si mwanzoni, na ripoti huonyesha mnato, akiba ya viambato vya kupambana na tindikali, petroli iliyochanganyika, na madini: chuma na shaba kutoka kwenye sehemu zinazolika, silikoni ambayo mara nyingi hutoka kwenye vumbi, sodiamu au potasiamu vinavyoashiria maji ya rejeta. Sampuli moja inasema kiasi. Tatu zilizofuatana kwa vipindi vinavyojulikana zinaweza kukuonyesha kama kipindi chako ni kirefu mno au kina nafasi ya kuongezwa.

Ukishaamua

Badilisha chujio pamoja na oili. Chujio lililoziba hufungua vali yake ya pembeni ili injini isikose oili, na kuanzia hapo oili huzunguka bila kuchujwa; kuacha chujio kuukuu ni kuichafua oili mpya siku hiyohiyo. Kiasi cha kujaza kisomwe kitabuni na kuthibitishwa kwa kijiti, kwa sababu oili iliyozidi hupigwa na krenki (mhimili mkuu unaozungushwa na pistoni) hadi ikatoa povu, na povu halibebi beringi. Oili kuukuu iwekwe kwenye chombo kilichofungwa na kupelekwa panapokusanywa oili chakavu, isimwagwe ardhini wala mtaroni.

Kisha anzisha upya ukumbusho wa dashibodi na uandike, kwenye karatasi inayokaa ndani ya gari, tarehe, kilomita zilizosomeka, alama ya mnato na kiwango cha ubora cha oili, pamoja na namba mbili za mbele: kilomita na tarehe ambayo oili hiyo itamwagwa. Katika mstari wa chini yake acha nafasi ya kuandika kila unapoongeza oili, kiasi gani na lini.